Kuvuka Barabara kwa Njia ya Dar es Salaam

Tangu nirudi, meza yangu imepata maswali mengi kuliko viatu. Mtu analeta raba iliyobanduka soli, na hata kabla hajaitoa kwenye mfuko ananiuliza, "Mzae, ni kweli ulienda Bongo kuangalia basi?" Namweleza. Kesho yake anarudi na rafiki yake, naanza upya. Ndiyo sababu nimeandika. Anayetaka kujua asome, nami niendelee kushona.

Kwa asiyenijua, naitwa Wafula. Nina miaka hamsini na moja, ni fundi viatu, na meza yangu iko Dandora, kando ya barabara kubwa. Polio ilinipata kabla sijajua kutembea vizuri, kwa hiyo natumia kiti cha magurudumu. Soko, zahanati na kanisa letu viko upande wa pili wa barabara hiyo, na kabla ya safari hii sikuwahi kuivuka peke yangu. Nilikuwa navushwa. Watu wawili walikuwa wananisukuma wakikimbia, mmoja ameinua mkono kuzuia magari, na tukifika ng'ambo wote tulikuwa tunahema kama tuliotoka kuiba.

Mwaka huu alikuja injinia anayeitwa Muthoni, dada wa miaka kama thelathini, mzaliwa wa Kiambu. Anafanya kazi na mradi mmoja unaotaka kuleta kwenye mitaa yetu mambo ya barabara ambayo miji mingine imeshayajaribu yakafaulu. Alinionyesha mchoro. Mahali pale pangejengwa daraja la juu la wanaokwenda kwa miguu, na kwa watu wa aina yangu kungekuwa na njia ya mteremko inayozunguka mara tatu hadi juu.

"Unaonaje, Mzee Wafula?"

"Naona nikifika juu soko litakuwa limefungwa."

Hakucheka. Alirudi baada ya wiki mbili, akasema anatumwa Dar es Salaam kuangalia mabasi ya mwendokasi, ambayo mtu wa kiti hupanda bila kubebwa. Alitaka twende wote ili niwe macho yake. Nilimwambia macho anayo, anachokosa ni magurudumu. Hapo ndipo alicheka, nami nikakubali.

Dandora hadi Arusha

Tuliondoka asubuhi. Mambo ya karatasi nayaacha, hayana utamu.

Kwanza niseme jambo ambalo wenye miguu hawalijui. Kabla ya safari ndefu mimi sinywi maji. Basi likisimama, wengine wanateremka wanajisaidia na kurudi, lakini mimi lazima wanaume wawili waniteremshe, kiti kitolewe kwenye buti, kikunjuliwe, halafu choo chenyewe kiwe na ngazi. Kwa hiyo nafunga tangu jana yake mchana.

Muthoni hakujua. Tulipopita Kitengela alininunulia chupa ya maji, nikashukuru nikaiweka pajani. Kajiado akaona haijafunguliwa, akadhani siyapendi ya aina ile, akanunua ya aina nyingine mbili. Tulipofika Namanga nilikuwa na chupa tatu.

"Mzee, kwani unakunywa maji gani?" akauliza. Alikuwa ameanza kuudhika.

Ikabidi nimweleze. Alitoa daftari lake na kuandika. Sikuuliza ameandika nini.

Pale mpakani foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Mama mmoja aliyevaa sare ya kwaya alinitazama kwa muda, akaja akainama mbele yangu na kunishika magoti.

"Mnampeleka kwenye maombi?" alimuuliza Muthoni.

"Hapana mama, tunaenda kuangalia mabasi."

Mama hakusikia, au hakutaka kusikia. Alifumba macho akaomba kwa sauti, hata foleni ikanyamaza. Aliamuru mifupa yangu inyooke. Muthoni alitazama pembeni kwa aibu. Mimi niliitikia amina kwa sababu maombi hayajawahi kunidhuru, na pia kwa sababu yule mama alikuwa na jasho usoni na alikuwa anamaanisha. Alipomaliza alisubiri kidogo. Nami nikasubiri. Kisha akanipigapiga begani akarudi kwenye foleni.

Tulilala Arusha, maana Muthoni alikuwa amepanga tuigawe safari mara mbili. Jioni, jua likiwa bado lipo, tuliingia kwenye mgahawa. Nilimwambia mhudumu, "Nipe chai na chapati mbili."

Alinitazama kwa upole. "Baba umetoka Kenya, eh?"

"Umejuaje?"

"Mnaamrisha."

Nikarudia maneno upya: naomba chai, naomba chapati. Zilikuja zilezile, ila sasa zilikuja na tabasamu. Nikadhani nimeshajifunza. Kijana mmoja akapita akaniambia "Shikamoo," nami nikamjibu "Poa sana," na meza tatu zikacheka kwa pamoja.

Arusha hadi Dar es Salaam

Basi la Dar lilikuwa refu na ngazi zake zilikuwa juu. Walikuja wapagazi wawili, mmoja akaninyakua kwapani, mwingine akakamata miguu kama mtu anayepakia gunia. Niliwaambia wanirudishe chini. Nikawaonyesha: mmoja apitishe mkono mgongoni, mwingine chini ya magoti, na waniulize kwanza kama niko tayari. Walifanya vizuri sana mara ya pili. Kazi yenyewe ni ndogo, shida ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia.

Aliyeketi upande wa pili wa ujia alikuwa Bi Mwanaidi, mama wa miaka sitini na kitu kutoka Magomeni, Dar, aliyepanda Moshi alikokuwa amekwenda kumwona mjukuu mchanga. Alitupa habari zake zote kabla hatujafika Himo. Mahali fulani kondakta alitangaza, "Haya, wanaochimba dawa, dakika tano!" Watu wengi wakateremka na kuingia vichakani.

"Ni dawa ya nini?" nikamuuliza Bi Mwanaidi. "Mbona wanaichimba wengi hivyo?"

Alinitazama kama anataka kuhakikisha sina utani. Kisha akajifunika uso kwa mtandio na mabega yakaanza kumtetemeka. Alipopata pumzi alinieleza kwamba huko ndiko kwenda haja. Hadi tunafika Dar, kila basi liliposimama aliniuliza kama nami nahitaji dawa.

Kumbe nilikuwa naihitaji kweli. Tulikuwa tumepita Same, milima iko kushoto na mashamba ya mkonge kulia, mkanda wa injini ulipokatika. Kondakta alipanda pikipiki kurudi Same kutafuta mwingine. Tulikaa pale saa nne nzima. Joto lilikuwa la kutosha kulainisha gundi, na mimi najua joto la gundi.

Walinishusha. Palikuwa na duka la mabati na mama aliyekuwa anauza chakula. Mkanda wa kandambili ya Bi Mwanaidi ulikuwa umeng'oka wakati anashuka, nami sisafiri bila sindano na uzi, kwa hiyo nilimshonea pale pale. Abiria wengine wakaona. Kabla kondakta hajarudi nilikuwa nimeshona viatu vya watu watano, na hakuna aliyekuwa ananitazama tena kwa huruma. Walikuwa wananiuliza zamu.

Mama wa duka alitupakulia sahani za mahindi na maharagwe.

"Githeri!" nikasema.

"Makande," akasema Bi Mwanaidi.

"Mama, hii nimekula tangu utotoni. Ni githeri."

"Baba, umeyakuta Upare. Ni makande."

Muthoni, ambaye kwao ndiko githeri ilikotoka kama utamsikiliza yeye, alionja akasema kwao haitiwi nazi. Mjadala ulichukua karibu saa moja. Ilikuwa tamu, tuseme hivyo tu.

Baadaye sikuweza kuvumilia tena. Nilimwambia Muthoni kwa sauti ya chini. Choo cha mama wa duka kilikuwa nyuma, kina kizingiti kirefu. Muthoni alitafuta ubao, akaulaza kwenye kizingiti, akanisukuma hadi mlangoni. Kisha aligeuka akasimama anaitazama milima mpaka nilipomwita. Hatukulizungumzia jambo lile. Lakini nadhani ni tangu pale nilipoacha kumwita "huyu injinia wa mradi" nikaanza kumwita Injinia tu.

Bi Mwanaidi alipotuaga Dar alitushikisha ahadi ya kwenda kwake kula.

Kivukoni hadi Kimara

Siku iliyofuata tulipumzika, na kesho yake asubuhi tukaenda Kivukoni, mwanzo wa njia ya mwendokasi.

Nitaeleza taratibu kwa sababu hapa ndipo mnaponiuliza zaidi. Kituo kiko katikati ya barabara, na kina sakafu iliyoinuliwa. Unapanda njia ya mteremko mfupi. Niliupanda kwa mikono yangu bila kupumzika. Basi likija, mlango wake unakuwa sawa na sakafu ya kituo. Hakuna ngazi. Kati ya sakafu na basi palikuwa na pengo ambalo gurudumu langu kubwa halikulijali, na magurudumu madogo ya mbele niliyainua kidogo tu kama ninavyofanya nyumbani kwenye mfereji.

"Ingia kwanza," Muthoni aliniambia, simu mkononi. "Nikupige picha ukiwa mlangoni."

Niliingia. Watu waliokuwa nyuma yangu nao waliingia. Alirudi nyuma hatua mbili picha itoshe, na mlango ukafungwa.

Nilimwona kupitia kioo. Alikuwa bado ameinua simu. Kisha basi likaondoka.

Simu yangu ililia papo hapo. Niliitazama, nikairudisha mfukoni.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ningeweza kushuka kituo cha pili nikamngoja, na ndivyo mtu mwenye adabu angefanya. Lakini nilikuwa nimekaa pale penye nafasi ya viti vya magurudumu, nimeshika bomba, na hakuna mkono wa mtu ulionigusa. Hakuna aliyeuliza ninakwenda wapi. Kijana mmoja alisogeza begi lake magurudumu yapite, akaendelea na simu yake. Nilitazama viatu, kama kawaida yangu. Dar wanavaa makubazi zaidi kuliko sisi, na visigino vimelika upande wa nje. Kituo cha pili kikaja, watu wakashuka, nami nikabaki. Cha tatu pia. Nikaona nitashuka pale njia ya basi itakapokwisha.

Kimara nilishuka kama mtu yeyote. Msichana mwenye fulana ya kazi alinijia mbio.

"Baba, pole. Umeachwa na nani?"

"Sijaachwa. Nimesafiri."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akanipisha. "Haya, karibu Kimara."

Nilinunua chupa ya maji nikainywa yote. Halafu nikanunua nyingine.

Muthoni alifika na basi la pili baada ya lile langu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alinisimamia mbele bila salamu.

"Mzee Wafula, nimekupigia mara ngapi? Nilidhani umeanguka! Nilidhani umekufa!"

"Pole, Injinia. Nilikuwa napanda basi."

"Ningemwambia nini mama Nekesa akiniuliza nimekupeleka wapi?"

Mama Nekesa ni mke wangu, na ni kweli angeuliza. Lakini nami nilikuwa nimepandwa na hasira ambayo sikujua ilikotoka. Nilimwambia, "Mtu mwenye miguu akipanda basi bila kupokea simu, unampigia kelele hivi? Umenileta nijaribu kama naweza kwenda peke yangu. Nimeweza. Sasa unalia nini?"

Alikaa kwenye ukingo wa saruji. Watu walikuwa wanatupita.

"Shangazi yangu aligongwa," alisema. "Kwenye mistari myeupe kabisa, mchana. Alikuwa ananiletea nguo za shule. Ndiyo maana nilisoma hii kazi. Ndiyo maana nilichora daraja, Mzee. Ukiwa juu ya daraja hakuna gari litakukuta."

Nilimwambia ninachokijua: kwamba daraja likiwekwa pale Dandora, vijana watapita chini wakikimbia kwa sababu wana haraka, na akina mama wenye mizigo watapita chini kwa sababu wamechoka, na mimi sitapita kokote. Sasa hivi navushwa na watu. Siku hiyo wataniambia, si wamekujengea daraja?

"Na ukipita chini, magari ya Nairobi yatasimama?" akauliza. "Niambie ukweli."

"Hayatasimama," nikasema.

Tulirudi mjini kwa basi moja. Alikuwa amekuja kuona mabasi na ameyaona, na mabasi ni mazuri. Lakini wote wawili tulijua kwamba hata likija basi kama lile Nairobi, mimi bado nitakuwa upande wa pili wa barabara ninalitazama.

Magomeni, hatua chache tu

Siku iliyofuata tulikwenda kwa Bi Mwanaidi. Alitupokea kituoni mwenyewe, amevaa ile kandambili niliyoshona, akatutangulia mitaani akiongea na kila mtu. Alikuwa ametupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na alikuwa na hofu vitapoa.

Mbele ya shule ya msingi, mtaa ule unakata barabara yenye magari mengi, ya lami. Bi Mwanaidi alivuka bila kupunguza mwendo, anaongea tu. Mimi nikavuka nyuma yake. Nilikuwa katikati ya barabara kabla sijajua niko barabarani.

Nikasimama. Sikuwa nimeshuka ukingo wala sikuwa nimepanda wowote. Nilitazama chini. Walikuwa wamejenga tuta pana, bapa juu, lililo sawa na njia ya miguu ya huku na ya kule, limepakwa mistari. Siyo mimi niliyekuwa nimeteremka kwenye barabara ya magari. Magari ndiyo yaliyokuwa yanapanda kwenye njia yangu. Bajaji moja na lori dogo vilikuwa vimesimama, vinangoja.

"Injinia," nikaita. "Njoo uone."

Muthoni alikuwa ameshapiga magoti, tepu ya kupimia mkononi.

"Jamani wali unapoa!" Bi Mwanaidi alipiga kelele kutoka ng'ambo.

Muthoni alimwendea dereva wa bajaji. "Samahani kaka, kwa nini umesimama? Askari hayupo."

Dereva alimtazama, akanitazama mimi. "Dada, nisikudanganye. Sijasimama kwa ajili yenu. Nisipopunguza hapa naacha ekseli yangu. Na nikishapunguza hivyo, kumpisha mtu kuna shida gani?"

Akapita taratibu, tumbo la bajaji likikaribia kugusa.

Tulikula. Samaki alikuwa wa ajabu, na Bi Mwanaidi alikasirika nilipokataa sahani ya tatu. Kisha tuliomba ruhusa, tukarudi pale shuleni tukakaa mchana wote. Bi Mwanaidi alituletea stuli ya Muthoni na mwavuli, na mwishowe akaleta kiti chake mwenyewe, akawa anatueleza habari za kila anayepita. Muthoni alinituma kuvuka polepole, kuvuka haraka, kusimama katikati, kurudi. Nilivuka mara nyingi kuliko nilivyowahi kuvuka barabara yoyote maishani. Dereva mmoja alipiga honi na mwingine alitukana, lakini hawakuweza kukimbia. Watoto wa shule walipotoka walivuka wakisukumana, wanacheka. Muthoni aliacha kuandika akawa anawatazama tu.

"Hii wala haikuwa kwenye orodha yangu," alisema. "Nilitumwa kuona basi."

"Kwani ni ghali?"

"Ukilinganisha na daraja? Mzee, hii ni udongo, mawe na lami."

Dar es Salaam hadi Dandora

Kurudi hakukuwa na mengi. Wapagazi wa Dar niliwafundisha kama wale wa Arusha. Njia nzima Muthoni alichora kwenye daftari, basi likiruka mstari unaruka, anafuta, anaanza tena. Alikuwa ananiuliza maswali madogo: mkono unachoka baada ya hatua ngapi, gurudumu la mbele linaogopa nini zaidi, mvua ikinyesha Dandora maji yanakimbilia upande gani. Hilo la maji lilimchukua kutoka Korogwe hadi Mwanga, kwa sababu tuta lingeyazuia na tungepata ziwa mbele ya meza yangu. Hatimaye akachora mifereji miwili iliyofunikwa.

Mpakani tulikaa saa mbili kwa sababu ya foleni ya malori. Nilikunywa chai. Muthoni alikuwa ameuliza mapema choo kiko wapi na kama kina ngazi, kabla hata sijaketi vizuri.

Mkubwa wake ofisini alipoonyeshwa mchoro wa tuta hakufurahi. Sikuwapo, alinisimulia mwenyewe baadaye, ameketi kwenye stuli ya wateja wangu. Mkubwa alisema Dar ni Dar na madereva wa Nairobi wana akili zao. Alisema pia kwamba daraja huonekana kutoka mbali, na tuta nani atalizindua? Muthoni alimwambia angependa kulijaribu kabla ya kulikataa, na kwamba ataweka jina lake yeye chini ya mchoro. Kama mtu akiumia, jina ni lake.

"Ulisema hivyo?" nilimuuliza.

"Nilisema. Halafu nikaenda chooni nikatapika."

Walimpa mwezi mmoja wa majaribio. Tuta lilijengwa kwa vitofali vya kabro, vile vya zege vinavyotandazwa barabarani, na vijana wa hapa hapa Dandora ndio waliovipanga, juu wakapaka rangi. Nilikuwa nawaona kutoka mezani. Muthoni alikuwa nao kila siku, na viatu vyake viliharibika kabisa. Nilimshonea.

Upande wa pili

Walifungua siku ya Jumanne, kama saa nne asubuhi. Hapakuwa na hotuba. Vijana waliondoa mapipa na kamba, Muthoni akasimama kando ya barabara, mikono imefumbatwa.

"Si lazima uwe wa kwanza, Mzee," aliniambia.

"Najua."

Nilisogea hadi ukingoni. Matatu ilikuwa inakuja kwa kasi kutoka upande wa Njiru. Nilimwona dereva akiliona tuta, na nilimwona akiniona mimi, kwa mpangilio huo. Breki zililia. Pua ya gari ilishuka, ikasimama.

Nikaingia barabarani. Nilikuwa naogopa, nisiseme uongo. Mikono ilikuwa na jasho na vyuma vilikuwa vinateleza. Sikuangalia kushoto wala kulia kwa sababu nilijua nikiangalia nitarudi.

"Mzae, si uchape mguu tupite basi!" dereva alinipigia kelele. Kisha akaona kiti vizuri. Akaweka kiganja mdomoni. Makanga wake alicheka hadi akashikilia mlango.

"Nauchapa," nikamjibu, nikaendelea.

Nilipofika ng'ambo niligeuka. Muthoni alikuwa amechuchumaa pale nilipomwacha, kichwa kati ya magoti, na kijana mmoja wa kabro alikuwa amemshika bega. Baada ya muda aliinua mkono. Nami nikainua wangu. Hakuvuka kuja, na nadhani alifanya hivyo makusudi.

Mmeniuliza kama tuta litabaki. Sijui. Mwezi haujaisha. Wiki iliyopita lori liling'oa vitofali vya pembeni, na vijana wakavirudisha. Mistari ya zebra juu yake imeanza kufutika. Mchoro wa daraja haujatupwa, umewekwa kando. Muthoni anasema kuwekwa kando si kidogo.

Lakini siku hiyo ya Jumanne nilikuwa ng'ambo, peke yangu, na sikuwa na shughuli yoyote huko. Mama Akinyi, anayeuza samaki wa kukaanga karibu na lango la soko, aliniona akaacha kugeuza samaki.

"Wafula! Nani amekuvusha?"

"Nimejivusha."

"Umefuata nini?"

"Sijafuata kitu."

Alifuta mikono kwenye aproni, akatazama huku na huku kama anayetafuta cha kunipa. "Basi karibu ukae."

"Nimeshakaa, Mama Akinyi."

Tulicheka sana, yeye zaidi. Alinipa kipande cha samaki kwenye gazeti. Nikala taratibu huku nikitazama nilikotoka. Kutoka pale meza yangu ilionekana ndogo, imeinama upande mmoja, na bati lake lilikuwa na kutu ambayo sikuwahi kuiona. Wateja wawili walikuwa wamesimama mbele yake, viatu mkononi. Walikuwa wananitafuta. Mmoja aliinama akaangalia chini ya meza.

Sikuwaita. Nilimaliza samaki wangu kwanza.